Miaka 9 bila mkwaruzo, na taa moja nyekundu ambayo sikuiona

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu. Ninaandika usiku, familia ikiwa imelala, na hii ni mara ya tatu ninaianza barua hii. Mara mbili za kwanza niliichana nilipofika mahali pa kukiri.

Mimi ni dereva wa gari dogo la mizigo. Kazi yangu ni kuchukua vifurushi ghalani alfajiri na kuvifikisha milangoni mwa watu, na nimeifanya kwa miaka 9 bila kugonga mtu, gari wala nguzo. Hata kioo cha pembeni, ambacho kila dereva wa kazi yetu amewahi kukivunja akipenya mahali pembamba, mimi sijavunja. Kwa hiyo nilikuwa na imani moja ambayo sikuificha: ajali ni ya mzembe. Nikisikia mtu akisema kwamba ajali haina kinga, nilikuwa nacheka na kumwambia kuwa kinga ipo, iko machoni na kwenye mguu wa breki.

Aliyenifundisha kazi hii ni mtu ninayemwita kaka ingawa hatukuzaliwa pamoja. Nilianza nikiwa utingo wake. Nilipakia, nikapakua, nikamwelekeza alipokuwa akirudi nyuma, na alipoona nimeiva akanikabidhi usukani. Miezi 4 iliyopita, akiwa katika mwaka wake wa 14 kazini, mtoto alichomoka kutoka mbele ya lori lililokuwa limeegeshwa kando ya barabara, na kaka hakuweza kusimama kwa wakati. Mtoto alivunjika mguu na mkono; ametoka hospitalini na sasa anatembea. Kifaa cha kurekodi mwendo kilichofungwa garini kilionyesha kwamba kaka alikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Hata hivyo, ofisi ilimsimamisha kazi hadi uchunguzi umalizike, na mpaka leo haujamalizika.

Wiki ile ile tuliitwa kikao cha usalama. Msimamizi akauliza nani ana la kusema, nami nikasimama, nikasema mbele ya wote: "Dereva mzuri humwona mtoto kabla mtoto hajatokea." Wengi waliitikia kwa vichwa. Kaka hakuwepo, lakini maneno yana miguu. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Mkewe alinipokelea mara moja tu, akanijibu kwa upole ulioniuma kuliko tusi kwamba kaka amepumzika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wiki 3 zilizopita wenzetu wawili waliugua, nikagawiwa sehemu ya mzigo wao juu ya wangu. Niliamka saa 10 alfajiri kama kawaida yangu. Ilipofika saa 3 usiku nilikuwa bado na vifurushi 11. Nikiwa nakaribia makutano ya barabara ninayopita karibu kila siku, nilitupia jicho simu iliyobandikwa kwenye dashibodi ili nisome anwani inayofuata. Nilipoinua macho nilikuwa nimeshaingia katikati ya makutano, na taa ya upande wangu ilikuwa nyekundu. Haikuwa imegeuka dakika hiyo. Ilikuwa nyekundu tangu mapema, mimi ndiye sikuiona. Hakukuwa na gari lililokuwa likikatiza. Upande wa kushoto kulikuwa na mwanamke mmoja juu ya baiskeli, amesimama ukingoni, mguu mmoja chini, ananitazama. Hakupiga kelele wala hakunionyesha mkono. Nilipita. Nikaegesha mbele kidogo, mikono ikitetemeka, nikakaa mpaka ikatulia, kisha nikaendelea kugawa vile vifurushi 11.

Sijamwambia mtu yeyote kazini. Nilimwambia mke wangu, naye akasema ni Mungu aliyeninusuru, hivyo nishukuru na nisilichokonoe. Nilimuuliza mwenzangu mmoja, bila kumweleza lililonipata, kama anaamini bahati. Akacheka, akasema kila dereva amepewa mfuko wa bahati, na hajui umebaki na kiasi gani. Majibu yote mawili hayakunituliza.

Katikati ya hayo, ofisi imetangaza kwamba mwisho wa mwezi ujao nitapewa cheti cha miaka 9 bila ajali, na baada yake nitaanza kuwafundisha madereva wapya, kazi ambayo alikuwa akiifanya kaka. Mshahara utapanda na nitatoka katika zamu ndefu. Familia yangu inalihitaji hilo sana. Nikikataa, wataniuliza sababu. Nikikubali, nitasimama mbele ya vijana niwaambie nini? Marehemu mama alikuwa akisema mcheka kilema hafi bila kumfika, na mimi naona kimenifika, ila hakuna aliyekiona.

Niambie, Mshauri: ni bahati au ni ujuzi? Kama ni ujuzi, basi kaka alikosea na mimi nimekosea zaidi yake. Kama ni bahati, basi cheti changu hakina tofauti na tiketi ya bahati nasibu iliyoshinda.

Dereva asiye na mkwaruzo


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu,

Nashukuru kwamba safari hii hukuichana barua. Kabla sijaligusa swali lako, naomba nikurudishie nilichokisoma, ili unisahihishe ikiwa nimekuelewa vibaya. Kwa miaka 9 umeishi na kanuni moja, kwamba dereva mzuri hapati ajali. Kanuni hiyo ilikupa fahari, na siku ya kikao ikakupa pia ulimi wa kumhukumu mtu aliyekushika mkono kazini. Kisha usiku mmoja ukafanya kosa ambalo wewe mwenyewe unaliona kubwa kuliko lake, ukatoka mzima, na sasa ofisi inataka kukuheshimu kwa kanuni ile ile ambayo huiamini tena. Unapouliza bahati au ujuzi, nyuma ya swali hilo mimi namsikia mtu anayeuliza nani ana hatia.

Hata hivyo nitaanza na bahati, kwa kuwa ina hesabu zake, na hesabu hizo zina faraja na zina mahali zitakapokuchoma. Tuchukue mfano wa kubuni wa madereva 100 wanaolingana kwa kila kitu, kwa macho, kwa uangalifu na kwa njia wanazopita, ambao kila mmoja wao hupata kwa wastani ajali 1 katika miaka 10. Baada ya miaka 9, karibu 41 kati yao watakuwa hawajapata ajali hata moja, na wengine zaidi ya 20 watakuwa wamepata 2 au zaidi, ingawa tumekwisha kukubaliana kwamba hakuna aliyemzidi mwenzake. Wale 41 wangepewa vyeti, na wale wenye ajali 2 wangeitwa ofisini. Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1898 mtaalamu wa takwimu Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha hesabu za askari wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, waliouawa kwa mateke ya farasi. Alipochukua vikosi 10 kwa miaka 20, alipata miaka ya kikosi 200, yaani kila mwaka wa kila kikosi ukihesabiwa peke yake, na vifo 122. Katika 109 kati ya hiyo 200 hakufa mtu, na katika mmoja walikufa askari 4. Huenda kamanda wa kikosi kilichopoteza watu 4 katika mwaka mmoja alitazamwa kwa jicho baya, lakini mgawanyo wote ule unakaribiana mno na ule ambao nasibu peke yake ingeuleta.

Sisemi kwamba madereva wote wako sawa. Hawako sawa, na kila aliyewahi kukaa kiti cha abiria anajua hivyo. Ninachosema ni kwamba miaka 9 safi haitoshi kumtenganisha dereva hodari na dereva wa kawaida aliyesalimika. Huenda wewe ni hodari kweli, na mtu anayechana barua mara mbili kwa sababu ya taa ambayo hakuna aliyemshika nayo ana dalili njema. Lakini uhodari huo, kama upo, haukuandikwa katika cheti. Umo katika vitu ambavyo ofisi haivihesabu: umbali unaouacha nyuma ya gari lililo mbele yako, mara ngapi unashuka kutazama nyuma kabla ya kurudisha gari, unafanya nini mteja anapokupigia simu nawe uko mwendoni.

Upande wa ujuzi nao una mtego wake, kwa kuwa neno hili tunalitumia kwa vitu viwili tofauti. Kuna ujuzi wa mikono, yaani kulimudu gari, na kuna ujuzi wa kutojiweka mahali ambapo mikono hiyo itahitajika. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walilinganisha kumbukumbu za barabarani za watu wenye leseni ya mashindano ya magari na za madereva wa kawaida. Wale wa mashindano, ambao bila shaka walilimudu gari kuliko wengi wetu, ndio walioonekana kuwa na ajali nyingi zaidi na makosa mengi zaidi katika barabara za kila siku. Pengine mikono yao iliwapa ruhusa ya kuingia mahali ambapo mwenye mashaka na mikono yake angesubiri. Na karibu sote tunajiona katika kundi la wenye mikono mizuri: mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson alichapisha matokeo ya kuwauliza madereva wajipime wenyewe, na asilimia 93 ya Wamarekani aliowauliza, pamoja na asilimia 69 ya Waswidi, walijiweka katika nusu bora ya kundi lao kwa ujuzi. Nusu haina nafasi ya asilimia 93.

Sasa turudi kwenye sentensi uliyoisema kikaoni, kwa sababu naamini ndiyo inayokunyima usingizi kuliko taa. Kuna ukweli ndani yake, na usiutupe wote kwa sababu ya aibu. Dereva mzoefu akiona lori limeegeshwa hujua kwamba kuna kipande cha barabara asichokiona. Hutazama chini ya lori kama kuna miguu, husogea katikati ya njia yake, huondoa mguu kwenye mafuta. Hayo yanafundishika na yanaokoa watu. Lakini pima na upande wa pili. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao hakuna atakayeuita wa kasi, gari hukata zaidi ya mita 8 kila sekunde, na mtu aliye macho kabisa huhitaji kama sekunde moja, mara nyingi zaidi, tangu aone hadi mguu ukanyage breki. Mtoto akitokea mita 6 mbele yako, umemfikia kabla breki haijaanza kazi. Kwa kilomita 20 mambo hubadilika kiasi, kwa kuwa umbali ambao breki zenyewe huhitaji hupungua kwa zaidi ya nusu. Swali la kumuuliza dereva basi ni dogo na gumu: je, unaweza kushuka hadi 20 kila unapopita gari lililoegeshwa, siku nzima, na bado umalize vifurushi ulivyopewa? Mimi siendeshi gari la kazi, lakini kutokana na barua yako nashuku jibu ni hapana. Kama ni hivyo, jambo lililomkuta kaka yako lilianza kupangwa ghalani, kwenye karatasi ya mgao, kabla yeye hajawasha injini.

Hapo ndipo ninapoona kwamba wawili hawa, bahati na ujuzi, wamekufungia mlango usimwone wa tatu. Angalia saa ulizoniandikia mwenyewe. Uliamka saa 10 alfajiri, na taa ile ilikupita saa 3 usiku, yaani ulikuwa macho kwa saa 17. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa uwezo wa macho na mkono kushirikiana kwa kiasi kinacholingana na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekifanya kuwa mpaka wa kisheria wa kuendesha. Hakuna aliyekunywesha pombe usiku ule, lakini mtu fulani alikupangia mzigo wa watu wengine juu ya wako, na mtu fulani aliamua kwamba anwani inayofuata isomwe kwenye simu iliyo dashibodini. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, sekunde 2 za kutazama simu ni karibu mita 28 za barabara ulizopita bila macho. Sikwambii haya ili uitupe lawama yako kwa ofisi. Jicho lililotazama simu ni lako. Nakwambia kwa sababu umeligawa kosa lile kati yako na bahati tu, na mgawanyo huo haujakamilika.

Tena kuna mtu mmoja katika barua yako ambaye umempita haraka, kama ulivyompita usiku ule. Mwanamke wa baiskeli. Ikiwa taa yako ilikuwa nyekundu tangu mapema, basi huenda yake ilikuwa ya kijani, na haki ya kupita ilikuwa yake. Lakini hakupita. Alikuwa amesimama, mguu mmoja chini, anakutazama, ndivyo ulivyoandika. Sijui alichokuwa akifikiri, ila inawezekana kabisa kwamba aliliona gari lisilopunguza mwendo akaamua kuisubiri haki yake kidogo. Kama ndivyo, kile unachokiita bahati yako kilikuwa ni uangalifu wa mtu mwingine ambaye hatapewa cheti. Jiulize ni mara ngapi katika miaka hii 9 dereva wa nyuma yako alikuachia nafasi, mzazi akamvuta mtoto mkono, mwendesha pikipiki akakuona kabla hujamwona. Na kaka yako alikutana na mtoto, ambaye kwa umri wake hakuweza kumfanyia jambo ambalo mwanamke huyu alikufanyia wewe.

Kuhusu mke wako, sioni kwamba amekosea kukuambia ushukuru. Ninachouliza ni kama shukrani inamzuia mtu kutazama alikuwa macho kwa saa ngapi. Lugha yetu yenyewe haikuona shida kuyaweka yote mawili pamoja: anayesema ajali haina kinga na anayesema tahadhari kabla ya hatari wanaweza kuwa bibi mmoja katika siku moja. Hilo la kwanza humfariji aliyefikwa na la pili humwonya asiyefikwa. Tatizo ni pale tunapoyabadilishana, tukampelekea aliyefikwa lile la onyo. Mwenzako wa mfuko wa bahati naye ana nusu ya hoja. Ila mfuko huo, kama upo, haupungui kwa miaka tu. Hupungua kila unapolazimika kuutegemea, na mtu anaweza kupanga siku yake autegemee mara chache.

Tuje kwenye cheti na kazi ya kufundisha, ambako umeniwekea njia mbili tu, kukubali au kukataa. Nazitazama pamoja nawe, na nyingine zilizo kati yake.

Kumweleza msimamizi kuhusu ile taa ni njia iliyonyooka, na ni ya hatari. Umeona kwa macho yako kwamba ofisi hiyo ilimsimamisha mtu ambaye kifaa kilimtetea, kwa hiyo woga wako si wa kufikirika, na familia inayokula kutokana na mshahara wako ina haki ya kuhesabiwa katika uamuzi huu. Kwa upande mwingine, kazi ya usalama haiwezi kwenda mbele pale ambapo ajali zilizokosekana kwa unywele hazisemwi. Marubani wa Marekani tangu mwaka 1976 wana mfumo unaosimamiwa na NASA, ambamo rubani hueleza kwa siri kosa au hatari iliyomponea chupuchupu, na maelezo hayo hutumika kuwaonya wengine. Ofisi zinazotoa zawadi kwa asiye na ajali, bila kuwa na mahali salama pa kusemea yaliyoponea chupuchupu, huwafundisha watu kunyamaza, hata kama hazikukusudia hivyo. Je, kazini kwenu kuna mahali kama hapo, au chama cha wafanyakazi kinachoweza kukuambia haki zako kabla hujafungua mdomo? Je, unaweza kulileta jambo la saa 17 na la simu ya dashibodini kama tatizo la zamu, ambalo huenda linawahusu madereva wote, kabla ya kulileta la kwako? Ukifanya hivyo utakuwa umesema sehemu ya ukweli tu, na wewe ndiye utakayejua kama sehemu hiyo inakutosha.

Kukubali na kunyamaza kutakupa mshahara na kutakutoa katika zamu ndefu, na hilo la pili si dogo, maana zamu ndefu ndizo zilizokufikisha kwenye makutano yale. Lakini fikiria siku ya kwanza darasani. Kijana atakuuliza siri ya miaka 9 ni nini. Ukimpa jibu la zamani, utakuwa unamfundisha kitu usichokiamini, na atatoka hapo akidhani kwamba kwa kuwa hajagonga, yuko sawa. Ukimpa jibu la sasa, la taa nyekundu, huenda likawa somo ambalo hatalisahau maisha yake yote. Ila maneno yana miguu, umesema mwenyewe, na yatafika ofisini kabla ya jioni. Kwa hiyo kama unaona moyoni kwamba utawasimulia vijana, pengine inafaa ufikiri ni nani anayestahili kuyasikia kwanza, na kwa mdomo wa nani.

Kukataa kunaonekana kama unyenyekevu, na huenda kweli ni unyenyekevu. Walakini, nafasi haitabaki wazi. Itachukuliwa na mtu mwingine, ambaye inawezekana ndiye aliyeitikia kwa kichwa siku ile ya kikao na bado anaitikia. Nawe utarudi kwenye zamu zile zile, ukiwa na usingizi ule ule.

Kuna pia suala la kwamba nafasi hiyo ilikuwa ya kaka, na uchunguzi wake bado haujaisha. Umeuliza ofisini kama akirejea atarudishiwa? Unaweza kuomba uanze baada ya uchunguzi kumalizika, au uianze kwa kumshikia. Wanaweza kukuona msumbufu wakampa mwingine. Hilo nalo lipime. Lakini ukiichukua kimya kimya wakati huu, yeye atalisoma jambo hilo pamoja na maneno yako ya kikaoni, na sidhani atayasoma kama mambo mawili.

Nimeacha kaka mwishoni kwa sababu hapo ndipo ninapokuonea huruma zaidi, na ndipo ninapoogopa kukuelekeza vibaya. Huenda umejaribiwa kwenda kwake na habari ya taa nyekundu kama malipo, kwamba mimi nami nimekosea, basi tuko sawa. Fikiri kwanza habari hiyo itafanya nini ikifika kwake. Inaweza kumfariji. Inaweza pia kumfanya aone kwamba wewe uliyefanya kosa la wazi unapewa cheti huku yeye, aliyekuwa chini ya mwendo, yuko nyumbani. Tena usiende na haraka ya kumwambia kwamba halikuwa kosa lake. Mtu ambaye gari lake limemvunja mtoto hubeba uzito huo hata kama hakuna hakimu ambaye angemtia hatiani, na akiambiwa upesi kwamba hana kosa anaweza kujiona kama anayeamriwa auteremshe mzigo ambao kwake ni namna ya kumheshimu yule mtoto. Labda anahitaji mtu wa kumuuliza mtoto anaendeleaje. Labda anahitaji kusikia tu kwamba ulisema maneno mabaya na kwamba unajua uliyasema wapi. Kuna watu watakaokuambia kwamba neno lililosemwa kikaoni haliwezi kuondolewa sebuleni. Wengine watakuambia umalize kwanza na mwenyewe, kikao kitafuata. Wewe unamjua kaka, mimi simjui. Angependa lipi?

Umeandika kwamba mkewe alikujibu kwa upole kwamba amepumzika. Hakusema hataki kukuona, wala hakusema usipige tena. Sitaki kukupa tumaini kubwa kuliko maneno hayo yanavyobeba, lakini nimeyasoma zaidi ya mara moja. Ukienda, nenda siku isiyo ya kazi, usiwe na mzigo garini wala saa ya kuitazama, na uwe tayari kurudi bila kuonana naye.

Niandikie tena utakapokuwa umepiga hatua yoyote, au hata kama hujapiga. Ila nakuomba, ndugu yangu, usiandike usiku wa kuamkia zamu ya saa 10.